Kabla Hamjalipia Kompyuta Mpya ya Pikapu

1.

Leo nawatoa wodini, tunakwenda gereji. Najua kuna atakayeuliza nesi na injini wapi na wapi. Subiri, tutafika.

Kati ya maswali ya homa na chanjo mnayonitumia, kuna moja linajirudia kwa sura tofauti: "Nesi, tuna pikapu ya EFI ya miaka ya tisini, inakula mafuta hatari. Fundi kasema tubadilishe kompyuta ya injini, tutoe na masega, itakuwa nyepesi. Baba watoto kashakubali. Hela yenyewe ndiyo ile ya ada. Wewe unasemaje?"

Jibu langu nalitoa mapema, ili mwenye mtoto mgongoni aliyesimama jikoni asihangaike kusoma yote. Sipingi kubadilisha kompyuta. Kuna pikapu zinazohitaji kweli. Ninachopinga ni kubadilisha kabla ya kupima, na ninapinga kabisa ile tabia ya kutumia nafasi hiyo kutoa vitu viwili vinavyolinda watoto wako: masega ya eksozi na mfumo unaokata pampu ya mafuta injini ikizima. Mama una haki ya kukaa kwenye mazungumzo haya, kwa sababu hela ni ya nyumba na hewa wanayovuta ni wanao.

Mwenye muda tuendelee, nitaeleza kidogo kidogo.

2.

Kwanza tuelewane hiyo kompyuta inafanya nini. Mafundi wengi wanaiita kontroboksi. Ni boksi dogo la bati, mara nyingi limefichwa ndani ya kebini, chini ya dashibodi au pembeni miguuni kwa abiria. Pikapu kama Hilux yenye injini ya 3RZ-FE, ile ya petroli ya lita 2.7, haina kabureta. Ina nozeli nne zinazopuliza petroli, na boksi hilo ndilo linaloamua kila nozeli ifunguke kwa muda gani. Tunaongelea sehemu ndogo sana ya sekunde, mara nyingi kila dakika.

Sasa linajuaje kiasi? Linaulizia. Kuna sensa ya hewa inayosema hewa kiasi gani imeingia. Kuna sensa ya maji inayosema injini ina joto gani. Kuna sensa ya throto inayosema dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Kuna inayohesabu mizunguko ya injini. Na kwenye magari yenye masega kuna sensa ya oksijeni iliyochomekwa kwenye bomba la moshi, inanusa moshi na kurudisha majibu: mafuta yamezidi, au yamepungua. Petroli ikiungua vizuri inataka takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta, na hiyo sensa ndiyo inayosaidia boksi kukaa karibu na hapo.

Mfikirie nesi anayemwekea mtoto dripu. Anaangalia uzito, anaangalia mkojo, anahesabu matone, anarudi tena kuangalia. Ukimpa mzani mbovu atakosea kipimo hata kama ana akili za kutosha. Ukimleta nesi mwingine mwenye shahada mbili ukamwachia mzani uleule, naye atakosea vilevile.

Kwenye pikapu ya zamani, mara nyingi shida iko kwenye mzani.

3.

Chukua sensa ya maji peke yake. Ni kitu kidogo kama kidole gumba. Maji yakiwa ya baridi ukinzani wake unakuwa mkubwa, yakipata moto unashuka. Kwenye Toyota nyingi za enzi hizo, kwa nyuzijoto 20 mita inasoma kati ya kiloohmu 2 na 3, na kwa nyuzijoto 80 inashuka hadi chini ya nusu kiloohmu. Sensa ikizeeka, au soketi yake ikiingia kutu, boksi linaambiwa injini bado ya baridi wakati imeshachemka. Na injini ya baridi inapewa mafuta mengi, kama zamani tulivyokuwa tunavuta choki. Basi pikapu inashinda siku nzima kwenye choki. Moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi zinaota masizi, tenki linaisha kabla ya wiki.

Hapo fundi asiye na subira anasema kompyuta imekufa.

Kuna kitu nataka ukijue, maana hakigharimu chochote. Toyota nyingi za EFI kabla ya mashine za kisasa za kupimia zina njia yake ya kueleza ugonjwa. Kwenye chumba cha injini kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS. Fundi anaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, anafungua swichi bila kuwasha injini, kisha mnahesabu taa ya injini inavyokonyeza. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni 22, sensa ya maji. 21 ni sensa ya oksijeni. 31 ni upande wa kupima hewa. 41 ni sensa ya throto. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, maana yake boksi halijaona kosa lolote la kuripoti.

Siyo kila ugonjwa unaonekana hapo. Sensa inaweza kudanganya kidogo bila boksi kushtuka, ndiyo maana mita bado inahitajika. Lakini fundi anayekutajia bei ya kompyuta mpya kabla hajahesabu hata taa, huyo ni sawa na daktari anayekuandikia upasuaji ukiwa bado mapokezi.

Baada ya taa, yanafuata ya kawaida. Nyaya za athi zilizolegea. Mipira ya vakyumu iliyopasuka, inayovuta hewa isiyohesabiwa. Plagi, filta ya hewa, nozeli zinazovuja, presha ya pampu, thamostati iliyotolewa eti "gari lisichemke", kumbe sasa injini haifiki joto lake na mafuta yanaendelea kumwagwa. Hilo la thamostati liangalieni, limeenea mno kwenye magari yetu.

Vyote hivyo kwa pamoja vinaweza kubakiza ada ikiwa salama.

4.

Haya, sasa niwatendee haki mafundi, maana wapo wazuri na wanasoma hapa pia.

Kuna wakati kompyuta mpya ni jibu sahihi. Pikapu imepita kwenye mafuriko na boksi limelowa. Mlibadilisha injini mkaweka nyingine ambayo boksi la zamani haliifahamu. Au vile vikopo vidogo vya ndani ya boksi, vinavyotunza umeme, vimevuja dawa yake na kula sakiti, jambo linalotokea sana kwa maboksi ya umri huo. Hata hapo, uliza kwanza kama fundi wa elektroniki anaweza kuvibadilisha. Uliza pia kama boksi la used lenye namba ileile ya spea linapatikana. Namba ileile kabisa, siyo inayofanana. Herufi moja ikitofautiana inaweza kuwa la gia otomatiki au la soko jingine.

Vikishindikana, ndipo unaingia kwenye kompyuta za kuprogramu. Kuna za kununua zikiwa tayari, kama Haltech ya Australia au Link ya New Zealand, na kuna za bei nafuu zaidi kama MegaSquirt, ambayo wapenda magari wengi duniani wameiunganisha kwa mikono yao. Hizi ni vifaa vizuri. Lakini sikiliza mama: zinakuja tupu, au zikiwa na makisio tu. Hazijui injini yako. Mtu lazima azifundishe, na kuzifundisha ndiyo kazi yenyewe.

Fundi anayejua atafunga sensa ya oksijeni ya masafa mapana, ile inayotoa namba halisi ya mchanganyiko na siyo tu "umezidi" au "umepungua". Atairekebisha injini ikiwa ya baridi asubuhi, ikiwa ya moto, ikiwa imesimama foleni, ikiwa imebeba mzigo mlimani. Itamchukua siku. Na kama nyinyi ni watu wa kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya likizo, ajue hivyo tangu mwanzo. Dar iko usawa wa bahari, Mbeya iko zaidi ya mita 1,600 juu, hewa ya kule ni nyepesi. Kompyuta ya zamani ya kiwandani iliandaliwa kwa mabadiliko ya namna hiyo. Mpya isipowekewa fidia ya mwinuko, mtapanda vizuri hadi katikati ya safari halafu muanze kulalamikia petroli ya kituo fulani bure.

Kwa hiyo fundi akisema "nafunga leo, jioni mnachukua", jua unalipia boksi tu, kazi haimo.

5.

Sasa tunafika pale palipomfanya nesi aandike.

Masega. Ule mtungi kwenye bomba la moshi wenye vitundu vingi kama sega la nyuki, na madini ya thamani ndani yake. Kazi yake ni kuchukua moshi mbaya wa injini na kuumalizia kuuchoma. Sumu kubwa inayopungua hapo ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho.

Magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi zetu hayakuwekewa masega, na kulikuwa na sababu. Petroli yetu ilikuwa na risasi, na risasi inaua masega na kuharibu sensa ya oksijeni. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na nchi ya mwisho kabisa duniani, Algeria, ikaacha mwaka 2021. Sababu ile imekwisha. Gari lililotoka Japani na masega yake halina sababu ya kuyapoteza hapa, na gari lisilokuwa nayo linaweza kuwekewa pamoja na sensa ya oksijeni. Kwa familia, mimi naona hilo ni boresho zuri kuliko nguvu za kupita malori.

"Lakini fundi kasema yameziba." Inawezekana kabisa. Sasa muulize yameziba kwa nini. Masega yanaharibika injini ikipewa mafuta mengi kupita kiasi, au ikimisi, petroli mbichi ikaenda kuunguia ndani ya mtungi mpaka ukayeyuka. Kwa hiyo masega yaliyoziba ni dalili. Ukiyatoa ukaacha chanzo, injini itaendelea kumwaga mafuta, na sasa ile sumu haina wa kuipunguza. Halafu kwenye kompyuta mpya anabonyeza mahali, anazima sensa, anazima na taa. Dashibodi safi, kila mtu anafurahi. Wodini tungesema homa imeisha kwa sababu tumevunja kipimajoto.

6.

Kaboni monoksaidi inafanya nini mwilini? Damu yetu inabeba oksijeni kwa kutumia himoglobini. Gesi hii inaing'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikishakaa, oksijeni haina kiti. Mtoto anaathirika haraka kwa sababu anapumua mara nyingi zaidi kwa dakika kuliko mtu mzima. Mjamzito ana hatari mara mbili, maana gesi inavuka kwenda kwa mtoto tumboni, inajikusanya kwake na inachelewa kutoka kuliko kwa mama.

Na sisi watu wa pikapu tuna tatizo letu. Watoto wanapanda nyuma. Tunafunga kanopi au turubai ili wasipigwe na vumbi na jua, tunaona tumewatunza. Gari likienda, hewa nyuma yake inazunguka na kuvuta moshi kurudi ndani, hasa kama bomba limetoboka au limekatwa likaishia chini ya bodi. Mwaka 1992 madaktari wa Seattle, Marekani, walichapisha taarifa ya watoto 20 waliopata sumu hii wakiwa wamepanda nyuma ya pikapu. 17 walikuwa chini ya kanopi, 3 chini ya turubai. 15 kati yao walipoteza fahamu. Walikuwa kwenye safari za kawaida za familia, na wazazi wao walikuwa mbele wanaendesha.

Dalili zake zinafanana na vitu vya kila siku: kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, usingizi mzito. Ukiwa safarini utasema mtoto anachafuliwa na gari. Cha kukutambulisha ni hiki: watu zaidi ya mmoja wanaumwa pamoja, wakishuka na kukaa hewani wanapata nafuu, wakirudi garini inaanza tena.

Ikitokea, simamisha gari, zima injini, watoe wote nje, mwende kituo cha afya. Aliyelegea au kupoteza fahamu asisubiri hata dakika. Na ukifika, tamka kwa sauti: "Alikuwa kwenye gari, nadhani amevuta moshi." Neno hilo ni muhimu kuliko unavyofikiri. Kile kifaa tunachobana kidoleni kupima oksijeni kinaweza kudanganywa na gesi hii, kikasoma 98 wakati mtoto yuko hatarini. Muuguzi asipoambiwa anaweza kumwona mzima. Tiba yake ya kwanza ni oksijeni ya kutosha. Kwa hewa ya kawaida inachukua takriban saa 4 hadi 6 gesi kupungua nusu tu, kwa oksijeni tupu ni kama saa moja na nusu.

Nimalizie hapa kwa kusema wazi: masega mazima hayakupi ruhusa ya kupakia watoto nyuma chini ya kanopi, wala kuacha injini inaunguruma ndani ya banda la gari. Yakiwa ya baridi hayafanyi kazi vizuri, na bomba likitoboka kabla ya mtungi moshi unatoka bila kupita kwake. Watoto wakae ndani ya kebini, na mikanda.

7.

Jambo la pili la usalama halizungumzwi kabisa, na linafanyika kimyakimya wakati wa kubadilisha kompyuta.

Kwenye Toyota nyingi za EFI za zamani, pampu ya mafuta inapata umeme pale tu injini inapozunguka. Injini ikizima, hata kama swichi bado iko wazi, pampu inakatika. Hebu fikiria kwa nini watengenezaji walihangaika hivyo. Ajali. Gari limegonga, injini imezima, bomba la mafuta limekatika, dereva kazimia na ufunguo uko palepale. Pampu ikiendelea kusukuma, inamwaga petroli ya presha juu ya eksozi ya moto.

Sasa fundi anayehangaika na nyaya za kompyuta mpya, pampu ikigoma, anavuta waya mmoja moja kwa moja kutoka kwenye swichi. Inafanya kazi. Gari linawaka. Anakukabidhi. Kompyuta nyingi za kuprogramu zina sehemu maalumu ya kuendesha pampu: inawaka sekunde chache ukifungua swichi, inazima yenyewe kama injini haizunguki. Ilihitaji rilei na waya mmoja wa ziada.

Kazi ya kuuguza majeraha ya moto ni ngumu, na kwa mtoto ni ndefu. Kufunga na kufungua bandeji, maji, maumivu, makovu yanayovuta viungo mtoto anapokua. Siwezi kukubali lile lifanyike kwa ajili ya waya mmoja.

Jaribio lake ni rahisi, mwambie fundi alifanye mbele yenu. Afungue swichi bila kuwasha. Pampu ivume kidogo kisha inyamaze, au isivume kabisa, kutegemea gari. Ikiendelea kuvuma bila kukoma na injini haijawashwa, usichukue gari.

8.

Kwa hiyo baba watoto akirudi na habari ya kompyuta mpya, usianze na "hatuna hela". Hapo mtagombana na hatabaki mtu wa kuuliza la maana. Mwambie twende wote gereji, kisha muulize fundi haya, kwa heshima, ukiwa na daftari:

Umehesabu taa ya injini? Ilitoa namba gani?
Sensa ya maji umeipima kwa mita, ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto?
Thamostati ipo?
Boksi letu limekufa nini hasa? Tunaweza kuliona likiwa limefunguliwa?
Ukifunga mpya, utapima mchanganyiko kwa kifaa gani, na kwa siku ngapi?
Sensa ya oksijeni na masega vinabaki?
Pampu itakatika injini ikizima?
Boksi la zamani na nyaya zake tutarudishiwa?

Fundi mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Atafurahi kwamba mteja anajua anacholipia. Anayekasirika, mshukuru kwa muda wake, ondokeni.

Najua kuna watakaosema hii ni mada ya wanaume. Sawa. Lakini petroli inalipwa kutoka kwenye pochi moja na mchele, na kichwa kikimuuma mtoto usiku wa manane anayeamka ni mama. Anayeamka usiku ana haki ya kuuliza mchana.

Mtumie baba watoto posti hii, na fundi wenu pia. Kama pikapu yenu imeshabadilishiwa kompyuta, kafanyeni lile jaribio la pampu leo kabla hamjalala, halafu uniambie kwenye maoni ilivuma au ilinyamaza.

Posti ijayo tunarudi kwa watoto: kuharisha, na maji ya chumvi na sukari yanachanganywaje nyumbani bila kukosea. Mbarikiwe.

Nesi wenu.